Udongo wa Bokoli Ndani ya Meli ya Barafu

Zimeni hiyo mashine kidogo. Dizeli ni ghali, na sauti yangu siku hizi haiwezi kupigana na injini.

Nyinyi vijana mnachimba kisima kwa siku moja. Lori inakuja, inasimamisha mlingoti, mnakaa kwa kivuli mnaangalia simu, jioni maji hayo. Sisi tulichimba kwa mikono. Miti mitatu imefungwa juu pamoja, rodi za chuma, na wanaume wanne wanazunguka hizo rodi kama watu wamelogwa. Kuna kisima kimoja huko Chwele kilitukula wiki sita. Nilipotoka hapo, nikisalimia mtu kanisani anaangalia mkono wake kwanza, anafikiria nimemshika na koleo.

Mnaniita Mzee Barafu. Kila mtu kutoka Chwele mpaka Tuwan anajua Wanyonyi wa Bokoli alienda kwa barafu, huko chini kabisa ya dunia, mahali hata ramani inaishiwa na karatasi. Nimewaambia nilitembea juu ya hiyo barafu na viatu zito kama ndama. Nimewaambia nilikojoa, mkojo ukasimama kama fimbo, nikauvunja ndiyo nikatoka. Mmecheka, na mimi nimefurahi mkicheka. Leo nataka kuwaambia vile ilikuwa kweli, kwa sababu nimeona jana mmoja wenu ameangusha spana ndani ya shimo na akanyamaza.

Aliyenifundisha kazi ni fundi Khaemba, Mungu amlaze mahali pema. Hakuwa mtu wa maneno. Siku ya kwanza alishika mkono wangu akauweka kwa rodi, akasema, "Sikiza." Nikainamisha sikio. Akanipiga kofi ya kichwa.

"Si na sikio, wewe. Na kiganja."

Rodi inaongea. Changarawe inakwaruza kama kuku kwa bati. Udongo wa mfinyanzi unanyamaza kabisa. Jiwe linagonga mpaka kwa meno. Na maji ukikaribia, rodi inakuwa nyepesi, ni kama mtu alikuwa amekushika na sasa amekuachilia. Nilikaa na Khaemba mpaka nikaweza kufunga macho nikwambie tumefika udongo gani. Hiyo kiganja ndiyo ilinipeleka kwa meli. Si kusoma. Shule mimi niliiona kupitia dirisha, na nilikuwa nje.

Sasa kulikuwa na mama mmoja mzungu, daktari wa matope. Watu wanatafuta dhahabu, yeye matope. Alikuwa anapanda mlima Elgon, juu huko kwenye kiziwa kidogo, anataka kutoa matope ya chini ya maji, ndefu kama nyoka, bila kukatika. Ati matope ya chini kabisa iliingia hapo kabla babu ya babu hajazaliwa, na ndani kuna vumbi ya maua ya wakati huo. Yeye akiangalia na mashine yake ya kukuza vitu anajua kulikuwa na mvua ama ukame. Alifika Kitale akauliza mtu wa kuchimba polepole, wakamletea mimi. Kiswahili alikuwa amejifunza pande za Tanga, na kilikuwa kimepigwa pasi, hakina hata kunyanzi moja. Sisi tulimwita Mama Matope. Alipenda.

Huko mlimani ndiyo nilifanya makosa ya kwanza, na hii ni makosa ya mtu wa Bungoma peke yake. Mnajua paipu zikiunganishwa, kwa yale meno unafunga katani ndiyo isivuje. Katani yetu iliisha. Duka iko mbali, mvua inanyesha, Mama Matope ana haraka. Sasa kwetu katani ikiisha fundi anafanya nini? Anatafuna muwa. Unameza ile maji tamu, zile nyuzi zinabaki unazungushia kwa meno ya paipu, unakaza na spana. Hapo hata pumzi haipiti. Nilikuwa na muwa kwa begi. Nikatafuna, nikafunga, kazi ikaendelea, matope ikatoka safi. Nilijiona mjanja kuliko daktari.

Mwaka uliofuata akarudi. Akaniita kando.

"Wanyonyi, kule chini kabisa kwenye matope nimekuta nyuzi za ajabu. Sijaelewa ni za mmea gani. Zinafanana na muwa. Je, umewahi kuona muwa ukiota huku juu?"

Nikasema, "Hapana, mama. Huku ni baridi sana."

Na hiyo ilikuwa kweli. Hakuna mahali nilidanganya. Lakini nilijua hizo nyuzi zilitoka kwa mdomo wa nani, na nikanyamaza. Yeye akaenda nazo Ulaya, akazisomea wenzake kwa mkutano, wakaumiza vichwa. Miaka miwili wanafikiria meno yangu ni maajabu ya zamani.

Halafu akanitumia ujumbe kwa simu ya jirani. Wakati huo simu ndiyo zilikuwa zimeanza kuingia kijijini, kuongea unapanda kichuguu. Ati kuna meli inaenda kusini na watu wa utafiti. Huko pembeni ya barafu kuna kiziwa kimeganda, chini yake kuna matope hakuna mtu ameigusa tangu dunia iumbwe. Anataka fundi wa kiganja. Anataka mimi.

Nilienda Bokoli kumwambia baba.

Lazima niwaambie kwanza juu ya ndugu yangu Wekesa. Yeye ndiye alikuwa mkubwa. Aliendesha lori mpaka Kongo, safari ya tatu hakurudi. Lori haikuonekana, mtu hakuonekana. Baba alingoja miaka saba. Kwetu mtu akipotea na mwili usipatikane, mnazika mgomba. Mnaukata, mnaulaza kwa kaburi kama mtu, mnalia, mnafunika. Baba alishika kichwa cha huo mgomba akiuteremsha, polepole, kama ungeumia. Tangu siku hiyo hakula ndizi.

Kwa hivyo mimi nikasimama mbele yake nikamwambia naenda mahali hakuna nchi, ni maji na barafu tu. Nilifikiria atakataa. Akachukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba mahali mama amelala, akarudi na udongo kidogo amefunga kwa kipande cha leso ya mama.

"Mgomba nimezika mmoja," akasema. "Wa pili sitazika. Ukifa huko, waambie wakumwagie hii kabla hawajakutupa kwa maji. Hapo utakuwa umezikwa hapa."

"Baba, sifi."

"Sijauliza kama unakufa. Nimesema usiachane nayo."

Nikaahidi. Nikajifunga hiyo leso kiunoni, chini ya vesti, na sikuitoa hata nikioga.

Safari yenyewe ningewaambia mpaka kesho. Majirani wangu wa Tuwan, mtaa wa Kitale nilikokuwa nakaa, walikuja kuniaga kama naenda vitani. Mmoja akauliza, "Na huko kuna unga?" Mwingine akamjibu, "Unga itoke wapi na hata mchanga hakuna, bana." Nikabeba kilo kumi. Ndege ilipaa nimeshika kiti ya mbele pamoja na nywele za mwenyewe. Tukashuka Afrika Kusini, Mama Matope akanipokea, na hapo bandarini nikaona hiyo meli. Nyekundu. Ungeilaza Kitale, kichwa ingekuwa stendi na mkia Tuwan.

Siku nne za kwanza nilitapika chakula yangu, nikamaliza, nikaanza kutapika ya jirani. Mawimbi ya huko, mimi siwezi kudanganya, Elgon ni kichuguu. Meli inapanda, inapanda, inafikiria, halafu inaanguka. Siku ya tano nikapona, nikaanza kufundisha wale vijana wa Mama Matope kusikiza rodi. Tulisimamisha rodi kwa sakafu ya meli, mmoja anakwaruza huko chini, wengine wamefunga macho. Walikuwa na vyeti vya kujaza gunia na hawakujua kiganja ni ya nini zaidi ya kushika kalamu. Walinipenda. Nami niliwapenda. Nilikuwa nimeanza kuonja hiyo barafu kwa mguu hata kabla hatujaiona.

Halafu ikaja siku ya kupekuliwa. Tuliitwa wote kwa ukumbi na nguo zetu zote, viatu, begi. Walikuwa na mashine ya kunyonya vumbi, wananyonya kila mfuko, kila pindo. Viatu vinasuguliwa na dawa. Dada mmoja wa meli alikuwa na kikoleo kidogo kama cha kutoa mwiba, na kwa soksi yangu akatoa mbegu moja ya yale majani ya kushikana na suruali. Moja. Watu wakaja kuiangalia kama wameona nyoka.

"Si ni kijani tu ya shambani," nikamwambia Mama Matope.

"Huko tuendako hakuna shamba," akasema. "Mbegu moja ikiota, tumeharibu mahali ambapo hapajawahi kuharibiwa. Na udongo ni mbaya zaidi, una vijidudu ndani yake. Ukidondoka kwenye matope yangu, nitasoma uongo bila kujua." Akanisomea ile karatasi ya kuweka sahihi. "Una udongo wowote, Wanyonyi?"

Leso ilikuwa kiunoni, moto kama mkate umetoka jikoni.

"Sina," nikasema. Nikaweka sahihi.

Nilijiambia hiyo si udongo. Hiyo ni mama, na ni baba. Sasa ungeniambia nini? Mtu anakuuliza kama umebeba uchafu, na wewe umebeba kaburi.

Siku chache baadaye tukaanza kuona barafu. Mwanzo vipande kama kondoo wamelala kwa maji, halafu milima mizima, mingine rangi ya bluu, inapita kando yetu imenyamaza. Jua huko wakati huo halizami. Linazunguka tu juu yako kama mbuzi amefungwa kwa kamba. Watu walikuwa wanaimba, wanapiga picha. Tulikuwa tumebakisha siku mbili kushuka.

Mimi nilikuwa natandika kitanda. Nikaona kwa shuka nyeupe kuna punje za udongo. Nyekundu, tano ama sita. Leso ilikuwa imezeeka, imeanza kuvuja.

Nilifunga mlango. Nikaangalia hizo punje, nikasikia mtu anatembea huko nje, nikashtuka, nikazilamba. Ndiyo. Mtu mzima, fundi, nimepiga magoti nalamba shuka kama ndama. Na nikiwa hapo magotini na udongo wa kaburi ya mama kwa ulimi, nikafikiria: nitakapoinama juu ya lile shimo, ni mimi nitakuwa nimeinama. Hii kitu itadondoka kutoka kwa kiuno yangu. Huyu mama atapeleka Ulaya udongo wa Bokoli, awaambie watu ndiyo wa kusini ya dunia, na mimi nitakuwa nimemfanyia hivyo mara ya pili.

Lakini pia nilijua nikisema, naweza kufika huko kote na nisishuke. Na nilijua nikitoa leso, nimeachana na kile baba alisema nisiachane nacho, kwa maji mabaya kuliko yote ya dunia. Nilikaa hapo chini saa nzima. Hakuna mtu wa kuuliza.

Nikaenda kwa chumba chake. Nikaweka leso kwa meza.

"Ni nini?" akauliza.

"Ni udongo. Wa mahali mama yangu amezikwa. Nilikudanganya."

Akasimama. Akavaa glavu kwanza, halafu ndiyo akaichukua, na aliichukua na mikono miwili. Akaiweka kwa mfuko wa nailoni, akafunga, akaandika jina langu. Hakuwa na hasira bado. Angeweza kunisamehe hapo, niliona kwa uso. Ningenyamaza ningekuwa salama.

"Na kuna ingine," nikasema. "Zile nyuzi za muwa ni zangu. Katani iliisha, nikatafuna muwa, nikafunga paipu."

Hapo ndiyo aliketi.

"Miaka miwili," akasema. "Miaka miwili, Wanyonyi. Kwa nini hukuniambia nilipokuuliza?"

"Niliogopa utaniona fundi wa ovyo."

"Na sasa nikuone nani?"

Nikaangalia glavu zake.

Akauvuta huo mfuko karibu. Kisha akasema, "Huu sitauchoma. Sheria inaniruhusu kuufungia kabatini, utarudi nao kwa baba yako. Lakini wewe hushuki. Si kwa sababu ya udongo. Ungeniambia siku ile ukumbini, ningeufungia na ungeshuka."

Kwa hivyo sikilizeni vizuri, nyinyi mnaoniita Mzee Barafu. Sikushuka. Wengine walishuka na ngazi, na viatu vyao vya dawa, na rodi ambazo nilizifunga mimi. Mimi nilipewa kazi ya jikoni, nikasimama juu kwa chuma ya pembeni na kisu ya kumenya viazi. Barafu ilikuwa karibu, kama kutoka hapa mpaka kwa ile choo. Wiki tano nilikuwa naiangalia. Mguu wangu haukuigusa hata mara moja.

Kitu kimoja tu. Wiki ya tatu redio ya meli iliita, wakanitafuta jikoni. Ni Mama Matope. Tangu ile siku hakuwa ameongea na mimi zaidi ya salamu.

"Imekwama," akasema. "Inazunguka nusu, halafu inagoma. Tukiipoteza, tumepoteza kazi yote."

"Weka hiyo redio yako kwa rodi. Iguse kabisa. Mwambie kijana azungushe polepole."

Ikaanza kukwaruza. Masikio yangu hayakusikia maana yoyote. Sasa nikaweka kiganja kwa ile spika ya redio, nikafunga macho. Nahodha aliniangalia akafikiria naiombea. Ikatetemeka, ikanyamaza, ikatetemeka.

"Si chini," nikamwambia. "Ni juu. Maji imeganda kwa shingo ya shimo, na nyinyi mnavuta, mnaikaza. Mwageni maji moto hapo juu. Rudisheni nyuma robo. Mngoje. Msivute mpaka iwe nyepesi."

Walingoja. Ikatoka. Nikasikia vijana wanapiga kelele huko kwa redio, halafu sauti yake peke yake: "Asante, fundi."

Nikarudi kwa viazi. Nililia kidogo, nikasingizia vitunguu, na hakukuwa na vitunguu.

Baadaye alisimama mbele ya wenzake akawaambia zile nyuzi zilikuwa makosa ya kambi yake. Jina langu hakulitaja. Yeye mwenyewe ndiye aliniambia, kwa simu, na hakungoja nishukuru.

Sasa ukiangusha spana kwa shimo, ama hata kifungo cha shati, sema hapo hapo, matope ikiwa bado mbichi kwa mikono. Utatukanwa, ndiyo. Nitakutukana mimi mwenyewe. Lakini utashuka na wengine.

Mtauliza, basi mzee, kama wewe unasema ukweli hivyo, kwa nini miaka hii yote ulituambia ulitembea kwa barafu? Ni haki yenu kuuliza. Baba ameshaenda, kwa hivyo naweza kujibu.

Nilipotoka kwa ndege nilikuwa nimepanga kumwambia kila kitu. Nikafika Bokoli mchana. Alikuwa ameketi kwa benchi mlangoni, amekonda, shati inamning'inia. Akaniangalia kutoka kichwa mpaka chini, akahesabu kama niko wote. Nikampa ule mfuko. Akaugeuza geuza.

"Na hii nailoni?"

"Ni ya kuzuia baridi, baba."

Akaweka kwa magoti. Ndiyo akasema, na hakuniangalia, "Ulipoenda nilianza kufikiria. Nikasema labda hao watu hawataki udongo wa mtu. Labda watamkataza kwa sababu yangu. Nimekosa usingizi na hiyo maneno. Wekesa nilimkatalia kwenda, akaenda na hasira yangu. Wewe nikakufungia mzigo." Akafunika ule mfuko na mikono. "Ulikanyaga hiyo balafu ama hukukanyaga?"

Niliangalia mikono yake juu ya ule mfuko.

"Nilikanyaga, baba."

"Na udongo?"

"Ulikuwa na mimi."

"Hakuna mtu alikukataza?"

"Hakuna."

Akapumua, pumzi ndefu, kama mtu ameteremsha gunia.

"Basi sikukuharibia."

"Hukuniharibia, baba."

Akasogea kwa benchi, akanipigia mahali pa kuketi na kiganja.

"Sasa niambie," akasema. "Hiyo balafu ilikuwa inashika mguu aje?"

Nikamwambia.